Glukometa kwa Anayepunguza Wanga: Tathmini ya Kifaa Kidogo Chenye Kazi Moja

Tathmini hii inahusu glukometa ya kawaida, yaani kile kifaa cha mkononi kinachopima sukari ya damu kwa tone moja la kidole, na inaitazama kwa jicho la mtumiaji wa namna moja tu: mwenye kisukari cha aina ya pili, au aliyeambiwa kwamba anakikaribia, ambaye ameamua kupunguza wanga katika chakula chake. Sitalinganisha chapa moja na nyingine, kwa sababu kwa matumizi ninayoyazungumzia tofauti kati ya vifaa vinavyokidhi viwango ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu anayejua apime lini na mtu anayepima ili mradi amepima. Uamuzi wangu nautoa mapema: kwa mtu huyo, glukometa ina faida kubwa kuliko mikate, unga na vitafunio vyote vinavyouzwa kwa jina la "wanga kidogo", mradi itumike kupima mlo na si kumpima mlaji, na mradi isiaminiwe katika mambo ambayo haina uwezo wa kuyaona. Mambo hayo si machache, na moja wapo ni la hatari.

Sababu ya kuiweka karibu na sahani ni nyepesi kueleza. Wanga ukishasagwa tumboni huishia kuwa glukosi inayoingia kwenye damu, ilhali protini huipandisha sukari kidogo na polepole, na mafuta kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, insulini inayotolewa na kongosho ama haitoshi ama haisikilizwi vizuri na misuli na ini, kwa hiyo glukosi inayoingia kwa wingi hukaa kwenye damu muda mrefu kuliko inavyopaswa. Anayepunguza wanga anapunguza kile kinachoingia, badala ya kutegemea kila kitu kwenye uwezo wa kukiondoa. Kwa kawaida watafiti huita ulaji kuwa wa wanga kidogo pale wanga unaposhuka chini ya gramu 130 kwa siku, na huuita wa wanga kidogo sana unapokuwa kati ya gramu 20 na 50. Lakini gramu hizo zimehesabiwa kwenye majedwali, na majedwali hayajui mwili wa mtu. Watu wawili wanaweza kula kiasi kilekile cha wali, mmoja akapanda kidogo na mwenzake akapanda maradufu, kutegemea misuli yao, usingizi wa jana, dawa wanazotumia na muda ambao ugonjwa umekaa nao. Glukometa inaanzia hapo ambapo jedwali linakomea.

Uhusiano wa kifaa hiki na ulaji huu si wa jana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mhandisi wa Marekani aitwaye Richard Bernstein, aliyezaliwa mwaka 1934 na kuugua kisukari cha aina ya kwanza akiwa na umri wa miaka 12, alipata mashine ya kupimia sukari ambayo wakati huo ilitengenezwa kwa ajili ya hospitali, ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Aliipata kupitia mke wake, ambaye alikuwa daktari. Alijipima mara kadhaa kwa siku, akabadili chakula chake kulingana na alichokiona, na akafikia kula takriban gramu 30 za wanga kwa siku nzima. Majarida ya tiba hayakumsikiliza, basi akaingia chuo cha udaktari akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40 na kuwa daktari yeye mwenyewe. Viwango vyake vikali si lazima vimfae kila mtu, na aina yake ya kisukari si ile inayowapata wengi. Ninachokichukua kwake ni utaratibu: alikiuliza chakula kimoja kimoja swali lake, akasubiri jibu, kisha akabadili kitu.

Na hapa ndipo watumiaji wengi wanapokosa faida ya kifaa walichokinunua. Desturi iliyoenea ni kujipima asubuhi kabla ya kula, kuandika namba kwenye daftari, na kuipeleka kliniki siku ya miadi. Namba hiyo ya asubuhi ina maana kwa daktari, lakini haimwambii mlaji ni kitu gani kwenye sahani ya jana kilichomletea shida. Kinachomwambia ni vipimo viwili vinavyokwenda pamoja: kimoja kabla tu ya kula, na kingine saa mbili baada ya tonge la kwanza. Chama cha Kisukari cha Marekani kinapendekeza kwa watu wazima wengi wasio wajawazito sukari ya 4.4 hadi 7.2 mmol/L (80 hadi 130 mg/dL) kabla ya mlo, na isiyofika 10.0 mmol/L (180 mg/dL) saa moja hadi mbili tangu kuanza kula. Hizo ni shabaha za jumla, na daktari anaweza kumpa mtu wake shabaha tofauti. Hata hivyo, kwa anayejaribu vyakula, cha kutazamwa zaidi ni tofauti kati ya namba mbili. Aliyeanza na 7.0 akafika 8.2 amekula mlo ambao mwili wake umeumudu. Aliyeanza na 6.0 akafika 11.5 amekula mlo wa kutazamwa upya, hata kama mlo huo una sifa nzuri katika kila makala ya afya.

Jaribio zuri hubadili kitu kimoja kwa wakati. Mlo uleule unarudiwa siku nyingine wali ukiwa nusu na mboga za majani zikiwa mara mbili. Au unabaki vilevile lakini mboga na nyama vinaliwa kwanza na wanga mwishoni. Au unabaki vilevile kabisa na mlaji anatembea kidogo baada ya kula. Katika matumizi yangu, somo hili la kutembea ndilo kifaa kilinifundisha kwa uwazi kuliko lolote, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huchukua glukosi hata pale insulini inapozembea, na namba ya saa mbili huonyesha hivyo bila kuhitaji kushawishiwa na mtu. Vilevile kifaa humsaidia mlaji asijinyime bila sababu. Wapo wanaoacha maharagwe kwa kuwa yana wanga, kisha wakapima na kugundua kwamba nyuzinyuzi zake huuchelewesha wanga huo kiasi kwamba bakuli dogo halina madhara makubwa kwao, ilhali kipande cha mkate wa ngano nzima, ambao waliuamini kwa rangi yake, kinawapandisha karibu sawasawa na mkate mweupe.

Tahadhari moja ya utaratibu: mlo wenye mafuta mengi huchelewa kutoka tumboni, na kilele chake kinaweza kuja baada ya saa mbili kupita. Wanga uliochanganywa na mafuta mengi unaweza kwa hiyo kuonekana mpole kwenye kipimo cha saa mbili na ukali wake ukaonekana saa ya tatu au ya nne. Anayekula hivyo aongeze kipimo kimoja cha kuchelewa mara chache ili ajue.

Kuhusu usahihi, niseme wazi kwamba glukometa haina usahihi ambao kitarakimu chake baada ya nukta kinatufanya tuudhanie. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka angalau asilimia 95 ya vipimo viwe ndani ya asilimia 15 ya thamani ya maabara pale sukari inapofika 5.55 mmol/L au zaidi, na ndani ya 0.83 mmol/L inapokuwa chini ya hapo. Maana yake, sukari ambayo kwa kweli ni 8.0 inaweza kusomeka 6.8 au 9.2, na kifaa kikawa bado kimefaulu mtihani wake. Mtu anayefurahia kushuka kutoka 7.4 hadi 7.1, au kuhuzunika kwa kupanda kiasi hicho, anafuatilia yumbayumba ya kifaa tu. Tofauti inayojirudia mara kadhaa kwa mlo uleule ndiyo ya kuaminiwa, na ndiyo sababu kupima mlo mmoja mara moja na kuutolea hukumu ya maisha ni haraka isiyo na baraka.

Makosa mengine hutoka kwa mtumiaji na kwa vijiti vya kupimia. Vidole vilivyomenya tunda bila kunawa vinaweza kutoa namba ya kutisha ambayo haihusiani na damu hata kidogo. Maji na sabuni, kisha kukausha vizuri, ni sehemu ya kipimo. Kichupa cha vijiti kilichoachwa wazi huingia unyevu na kuharibu dawa iliyopakwa kwenye vijiti hivyo. Kidole kinachokamuliwa kwa nguvu huchanganya damu na majimaji ya ngozi. Upungufu wa damu nao huathiri usomaji, kwani uwiano wa chembe nyekundu unaposhuka sana vifaa vingi husoma juu kuliko ilivyo, jambo ambalo wenye anemia na wenye ugonjwa wa figo wanapaswa kulijua kabla ya kubishana na matokeo ya maabara. Kutoboa ubavu wa ncha ya kidole badala ya katikati yake hakubadili namba, lakini kunapunguza maumivu, na maumivu ndiyo yanayowafanya watu wengi wakitupe kifaa droo ya chini.

Kuna namba moja ambayo huwavunja moyo walaji wa wanga kidogo kuliko wengine, nayo ni ile ya alfajiri. Mtu anakula chakula cha jioni chenye mayai na mboga, analala akiwa na 6.3, anaamka na 7.6 bila kugusa chochote, na anaanza kudhani kwamba juhudi zake ni bure. Kilichotokea ni kwamba ini limetoa glukosi kwa amri ya homoni zinazopanda karibu na mapambazuko, kama kortisoli na homoni ya ukuaji, na insulini ya mwenye kisukari haikuweza kulizuia. Kwa watu wengi namba hii ndiyo ya mwisho kutii mabadiliko ya chakula. Glukometa inaionyesha bila maelezo yoyote, na huo ni upungufu halisi wa kifaa: kinatoa jibu la tarakimu kwa swali ambalo mtumiaji hajui ameuliza.

Mahali ambapo kifaa hiki kinalipa gharama yake kwa haraka ni mbele ya rafu ya bidhaa za "wanga kidogo". Watengenezaji wengi huandika hesabu ya wanga iliyobaki baada ya kutoa nyuzinyuzi na alkoholi za sukari, yaani vitamu vinavyowekwa badala ya sukari, kana kwamba vyote hivyo haviingii kwenye damu. Kwa erithritoli, mojawapo ya vitamu hivyo, hoja hiyo ina msingi, kwani sehemu kubwa yake hutoka kwenye mkojo bila kubadilika. Kwa maltitoli, kitamu kingine cha kundi hilo, haina, kwa sababu sehemu yake husagwa na kuipandisha sukari, kwa kasi ndogo kuliko sukari ya mezani lakini si kidogo kiasi cha kupuuzwa, na kiasi kikubwa huleta gesi na kuhara. Chokoleti mbili zenye maandishi yanayofanana kwenye karatasi zinaweza kwa hiyo kuleta matokeo mawili tofauti kabisa kidoleni. Hata pale namba inapotulia, bado bidhaa hizo zina kalori, na mtu mwenye unene uliokithiri anayezila kwa uhuru kwa kuwa glukometa imenyamaza atajikuta uzito wake haushuki.

Hapo ndipo tunafika kwenye kile ambacho utafiti umekisema, na hakipendezi kwa yeyote anayetaka majibu mafupi. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika North Carolina kwa wagonjwa 450 wa kisukari cha aina ya pili wasiotumia insulini: baada ya mwaka mmoja, waliojipima mara moja kwa siku hawakuwa na nafuu ya maana katika HbA1c, yaani kipimo cha maabara cha wastani wa sukari ya damu kwa takriban miezi mitatu, kuliko wasiojipima kabisa. Anayeuza glukometa hatakuambia hivyo. Mimi nayasoma matokeo hayo kama ushahidi dhidi ya kipimo kisichofuatwa na tendo, kwa kuwa kipimo kimoja cha kila siku hakimwonyeshi mtu mlo upi umemfanya nini. Lakini nakiri kwamba huo ni usomaji wangu, na kwamba asiyekusudia kubadili chakula chake hana sababu ya kujitoboa kila siku.

Kuhusu ulaji wenyewe, ripoti ya makubaliano ya Chama cha Kisukari cha Marekani ya mwaka 2019 ilisema kwamba kupunguza jumla ya wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari ya damu, na kwamba kunaweza kufanyika kwa mitindo mbalimbali ya ulaji. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2021, uliokusanya majaribio 23 yenye washiriki 1,357, ulikuta kwamba kwa miezi sita walaji wa wanga kidogo walifika zaidi kwenye HbA1c iliyo chini ya asilimia 6.5, asilimia 57 dhidi ya 31 ya waliokula milo mingine, baadhi yao wakiwa bado wanatumia dawa, lakini faida nyingi zilipungua kufikia mwezi wa kumi na mbili. Kwa uzito peke yake mambo ni ya kawaida zaidi: katika jaribio la watu wazima 609 lililochapishwa mwaka 2018, waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0 kwa mwaka na waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Na jaribio la DiRECT la Uingereza, lililotangazwa mwaka 2017, liliwapeleka asilimia 46 ya washiriki kwenye nafuu ya kisukari bila dawa, yaani sukari kurudi chini ya kiwango cha ugonjwa, kwa mwaka mmoja kwa kuwapa vinywaji vya mlo vyenye kalori 825 hadi 853 kwa siku, ambamo zaidi ya nusu ya kalori zilitoka kwenye wanga. Miongoni mwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walipata nafuu hiyo. Kupunguza wanga basi ni njia ya moja kwa moja ya kutuliza sukari baada ya mlo, lakini nafuu ya ugonjwa inafuata zaidi kiasi cha mafuta yanayoondoka mwilini, hasa kwenye ini na kongosho. Glukometa inaliona la kwanza na hailioni la pili. Mizani na utepe wa kupimia kiuno vinapaswa kukaa kwenye kabati lilelile.

Kwa sababu hiyo, mwenye unene ambaye sukari yake bado ni ya kawaida simshauri akinunue kifaa hiki. Mwili unaweza kwa miaka mingi kuishikilia sukari mahali pake kwa kumwaga insulini nyingi kupita kiasi, na muda wote huo glukometa itampa namba nzuri za kumfariji bure. Kifaa hakipimi insulini. Hakipimi lehemu pia, na baadhi ya watu wanaokula wanga kidogo sana pamoja na mafuta mengi ya wanyama huona lehemu mbaya, ile ya LDL, ikipanda sana. Hilo linajulikana kwa kipimo cha maabara pekee.

Hatari niliyoitaja mwanzoni inahusu dawa. Anayetumia insulini au vidonge vya kundi la salfonilurea, kama glibenklamidi, anaweza kushukwa na sukari ndani ya siku za mwanzo za kupunguza wanga, kwa kuwa dozi yake ilipangwa kwa chakula cha zamani. Azungumze na daktari kabla ya kubadili sahani, si baada. Hapa angalau glukometa inasaidia: ikisoma chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), mtu anapata gramu 15 za sukari ya haraka na kupima tena baada ya dakika 15. Lakini kwa wanaotumia dawa za kundi la SGLT2, zile zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, hali ni tofauti na ya kutisha zaidi. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dawa hizi zinaweza kuleta ketoasidosisi, yaani damu kujaa ketoni, kemikali zinazotokana na mwili kuchoma mafuta, na kuwa ya asidi, hata sukari isipokuwa juu sana, na kupunguza wanga kwa kiasi kikubwa huongeza uwezekano huo. Mtu anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa haraka, anapima na kuona 9.0, anajilaza akidhani ni chakula kimemkataa. Kwake yeye utulivu wa glukometa hauna maana yoyote; anahitaji kipimo cha ketoni na hospitali.

Wengi huuliza kama haingekuwa afadhali kununua kile kibandiko cha mkononi kinachopima mfululizo. Kina faida moja kubwa: kinaonyesha mkunjo mzima, pamoja na kile kilele cha saa ya tatu ambacho kidole kingekikosa, na tangu mwaka 2024 nchini Marekani kipo kinachouzwa bila cheti cha daktari kwa watu wazima wasiotumia insulini. Hata hivyo kinapima majimaji yaliyo kati ya seli na si damu, hivyo huchelewa kwa dakika kadhaa sukari inapobadilika kwa kasi. Ukikilalia kinaweza kusoma chini kwa uongo. Na kwa baadhi ya watu wingi wa namba huzaa hofu, wakaanza kuogopa hata mpando mdogo ambao ni wa kawaida kwa mtu mzima wa afya. Kwa anayetaka kuvielewa vyakula vyake vya kila siku, wiki chache za vipimo vya jozi kwa kidole zinatosha, na baada ya hapo anaweza kupima tu anapokutana na mlo mpya au dawa inapobadilishwa.

Anayenunua aanze na vijiti, kwa kuwa kifaa hununuliwa mara moja na vijiti kila mara: aulize kama vinapatikana kwa uhakika, vinaisha muda lini, na kama kifaa kinahitaji kuingiziwa namba ya msimbo kwa kila kichupa kipya. Ahakikishe kizio ni kile anachotumia daktari wake, kwani 1 mmol/L ni sawa na takriban 18 mg/dL na kuchanganya hizo mbili si kosa dogo. Na endapo atapangiwa kipimo cha kunywa glukosi hospitalini, awaeleze mapema kwamba anakula wanga kidogo, maana mwili uliozoea hivyo unaweza kupanda kupita kawaida siku hiyo. Maabara kwa kawaida hutaka mtu awe amekula angalau gramu 150 za wanga kwa siku kwa siku tatu kabla ya kipimo hicho.